Chakula kinachongoja na kisichongoja: mwongozo wa jiko lisilotupa, kutoka Bukavu

Mwezi wa tatu mwaka jana niliweka ndoo ndogo yenye mfuniko karibu na mlango wa jiko letu, hapa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki ya Kongo, nikawaambia wote wa nyumbani: wiki hii chakula chochote kisichoenda tumboni kipitie humu kwanza. Maganda tuliyatenga pembeni. Kila usiku nilipima ndoo, nikaandika kwenye daftari la mtoto, kisha nikaimwaga. Tuko watu saba. Ilipofika Jumamosi daftari lilionyesha kilo nne na ushee: vipande vya bugali (ugali) vilivyokauka, lengalenga (mchicha) iliyogeuka manjano kabla hata ya kuoshwa, nyanya zilizolainika upande mmoja, nusu mkate wenye ukungu, na nusu sufuria ya maharage yaliyotoa povu.

Maharage ndiyo yaliyoniuma. Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hiki maji huchemka yakifika nyuzi 95 tu. Ndiyo maana maharage yetu hukaa motoni kuliko ya ndugu zetu wa Uvira, walio chini zaidi kando ya Ziwa Tanganyika. Nusu sufuria ile ilikuwa imekula makala (mkaa) ya saa tatu, maji ambayo binti yangu aliyapandisha kilima kichwani, na asubuhi yangu nzima. Niliyamwaga yote hayo kwa dakika moja.

Programu ya Mazingira ya Umoja wa Mataifa ilitoa hesabu mwaka 2024: katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Kwa wastani ni kilo 79 za nyumbani kwa kila mtu kwa mwaka. Sisi, kwa kilo nne kwa wiki, tulikuwa tunaelekea kilo 30 kila mtu. Ni chini ya wastani, lakini mfuko wa familia ya Kadutu hauwezi kubeba hasara hiyo.

Nilipolisoma tena daftari lile niliona jambo ambalo tangu siku hiyo linaongoza jiko langu. Karibu kila kilichotupwa kilikuwa kimesogezwa mbele mapema mno. Unga hungoja wiki nyingi. Ukishakuwa bugali, hauna subira ya kufika jioni. Maharage makavu hungoja miezi. Yakilowekwa yanangoja usiku mmoja. Yakichemshwa matupu, bila chumvi wala nyanya, yanakaa siku tatu hadi nne kwenye frigo (friji). Yakishaungwa, subira inapungua, na yakishapakuliwa kwenye sahani ya mtoto hayana subira tena. Basi kazi yote ya mwongozo huu ni hiyo: kukiacha chakula kwenye hatua inayoweza kungoja, mpaka mdomo wa kukila uwepo.

Hatua ya kwanza: ndoo ya wiki moja

Usianze kwa kununua vyombo. Anza kwa ndoo na daftari. Andika mambo matatu tu: nini, kiasi gani, na kwa nini. Hilo la tatu ndilo lenye faida. "Bugali, sahani moja, baba alikula kazini." "Sombe (majani ya muhogo), bakuli, ilichacha." "Parachichi mbili, ziliiva siku moja na zile nyingine." Baada ya siku saba utakuta sababu mbili au tatu zinajirudia, nazo ndizo za kushughulikia. Kwetu zilikuwa mbili: nilipika kwa ajili ya watu ambao hawakuja, na nilinunua mboga za majani za siku tatu kwa mara moja. Kwako zinaweza kuwa nyingine kabisa.

Usimkaripie mtu wiki hiyo. Mtoto akiogopa, atatupa dirishani na daftari litakudanganya.

Hatua ya pili: sufuria ya mgeni

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu miongozo mingi hailigusi jambo hili, na kwetu ndilo kubwa.

Sisi hatupiki kwa idadi ya waliomo nyumbani. Tunapika kwa idadi ya wanaoweza kuingia. Shemeji anaweza kushuka kutoka Walungu bila kutuma habari, jirani anaweza kuingia wakati wa chakula, na mwanamke ambaye sufuria yake imefika chini mbele ya mgeni hulala na aibu. Mimi siwezi kumwambia mtu aache ukarimu huo. Nililelewa nao, na nawalea wanangu nao.

Lakini mgeni huyo anaweza kungojewa na unga badala ya bugali. Bugali hupikwa kwa dakika kumi na tano, muda ambao mgeni bado ananawa mikono na kuulizwa habari za nyumbani. Kwa hiyo weka akiba ya mgeni katika hatua ya kungoja: unga uliokwisha chekechwa, ndani ya kopo lake, kiasi cha watu wawili, bakuli la maharage yaliyochemshwa matupu, sambaza kavu kidogo (samaki wadogo wa Ziwa Kivu), kitunguu kimoja na nyanya. Mgeni akija, mbabula (jiko la makaa) bado ina moto, unamuungia maharage yake mapya na bugali yake inatoka ikifuka. Mgeni anakula cha moto, tena kilichopikwa kwa ajili yake. Asipokuja, hakuna kilichoharibika.

Vivyo hivyo kwa sahani ya asiyekuwepo, ile inayofunikwa kwa ajili ya baba au ya mwanafunzi wa jioni. Kwenye daftari langu sahani hiyo ilionekana mara tatu kwa wiki moja. Sasa tunaulizana asubuhi, kabla mtu hajatoka: "Utakula nyumbani?" Ujumbe wa simu saa tano unatosha pia. Na kama atachelewa, kitoweo ndicho kinachowekewa. Bugali yake hupigwa akifika.

Kupima nako kuna msaada. Tafuta kikombe kimoja kiwe cha unga peke yake na usikibadilishe. Pika siku tatu kwa kikombe hicho, ukiangalia kinachobaki, mpaka ujue: watoto wawili wanatosha kikombe kimoja, baba kimoja na nusu, na kadhalika. Makadirio ya mkono hutegemea njaa ya mpishi.

Hatua ya tatu: sokoni

Kabla ya kutoka, fungua kila kopo na kila bakuli. Nimewahi kununua vitunguu huku vingine vikichipua nyuma ya gunia la makala.

Tenganisha safari. Vitu vinavyongoja, yaani maharage, unga, mchele, chumvi, mafuta ya mawese, samaki wa chumvi, vinunue mara moja kwa mwezi au kila wiki mbili, kadiri pesa inavyoruhusu. Kwa guigoz (kopo la kupimia) nyingi kwa pamoja muuzaji hukupunguzia. Mboga za majani, nyanya na samaki mbichi nunua za siku mbili, siyo zaidi. Kama unapita soko la Nyawera kila jioni ukitoka kazini, huna haja ya kubeba lengalenga za siku tatu.

Nyanya zina ujanja wake. Fungu hupangwa zile nzuri juu na zile zilizobonyea chini. Zungumza na muuzaji kwa heshima naye atakuelewa:

"Mama, nipangie fungu moja la kupika leo, na moja lenye nyanya bado ngumu, za Alhamisi."

"Za kuiva sana nakupa bei ya chini, uchukue zote."

"Hapana mama, zote zitaoza kwangu. Nipe hizo chache ziwe matabishi (nyongeza ya bure)."

Bei ya chini kwa kitu usichoweza kukila kabla hakijaoza ni bei ya juu. Ila kama una saa moja jioni na moto wa kutosha, chukua zote kwa kusudi la kuzipika usiku huohuo, nitaeleza chini.

Sambaza nazo zina kalenda. Samaki hawa walihamishwa kutoka Ziwa Tanganyika kuja Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mpaka leo huvuliwa usiku kwa taa: mwanga unawavuta juu, wavu unawachukua. Mwezi ukiwa mpevu, taa ya mvuvi haishindi mwanga wa mbinguni, samaki hutawanyika na bei hupanda. Katika siku za giza huwa wengi na rahisi, na hapo ndipo watu hubeba beseni zima wakashindwa kulimaliza. Angalia mwezi kabla hujaenda. Siku za giza nunua nyingi ukiwa umekwisha andaa chandarua cha kuanikia. Siku za mbalamwezi ule ulizokausha.

Hatua ya nne: saa ya kwanza baada ya soko

Ukifika nyumbani umechoka, kinachovutia ni kuacha kikapu kwenye kona mpaka baadaye. Saa hiyo moja ndiyo inayoamua kama mboga itafika kesho kutwa. Fanya hivi:

Lengalenga, matembele na majani ya maboga usiyaoshe. Maji yanayobaki kwenye majani huyaozesha haraka. Toa majani yaliyokufa, fungua kamba iliyobana fungu, kata ncha za mashina, kisha simamisha fungu kwenye beseni lenye maji ya vidole viwili, kama maua, mahali pa kivuli. Funika juu kwa kitambaa chenye unyevu. Yanaamka usiku na asubuhi yanasimama yenyewe. Osha wakati wa kukatakata tu.

Sombe ina subira ndefu kama ukiigawa vizuri. Itwange, ichemshe bila mfuniko mpaka ilainike kabisa, kwani sumu ya majani ya muhogo hutoka kwa kutwanga na kwa kuchemsha muda mrefu, wala hakuna njia ya mkato. Kabla hujatia mawese, karanga au samaki, tenga nusu. Nusu hiyo tupu, ikipoa, huingia kwenye mifuko midogo ya mlo mmoja mmoja, kwenye sehemu ya barafu ya frigo lako au la jirani. Sombe iliyokwisha ungwa na samaki haina uvumilivu huo.

Muhogo mbichi wa mizizi ni mmoja wa vyakula visivyo na subira hata kidogo. Siku mbili au tatu baada ya kuchimbwa huanza kutoa mistari myeusi ndani. Nunua wa siku ile. Ukizidi, menya wote, chemsha wote, na kula uliobaki asubuhi na chai.

Viazi ulaya vinataka giza, ubaridi na hewa: gunia la nyuzi au kikapu, chini ya meza, pasipo jua. Mwanga huvigeuza kijani, na ukijani huo huja pamoja na sumu isiyokwisha kwa kupika. Doa dogo, kata kwa kina. Kiazi kilichoshika kijani sehemu kubwa, au kichungu mdomoni, kiache. Vitunguu viwe mbali na viazi, mahali pakavu, ikiwezekana vining'inie.

Ndizi mbivu hutoa hewa inayoivisha majirani zake. Unaweza kuitumia utakavyo: parachichi gumu likae na ndizi ndani ya mfuko wa karatasi na litaiva mapema, nyanya unazotaka zingoje ziwe mbali nayo. Nyanya ngumu zipange kikonyo kikitazama chini, zisigusane, nje ya frigo. Parachichi, nunua zenye ugumu tofauti, moja ya leo, moja ya Jumatano, moja ya Jumamosi. Muuzaji anajua kuchagua ukimwambia siku.

Sambaza mbichi zisilale. Zile za leo, kaanga. Za kukausha, zioshe, zitie chumvi, zitandaze tabaka moja kwenye chandarua kilichoinuliwa juu ya ardhi, zifunikwe na wavu wa nzi. Wakati wa kiangazi chetu, Juni mpaka Agosti, kazi hii ni rahisi. Miezi ya mvua, tangu Septemba hadi Mei, jua la Bukavu mara nyingi ni la asubuhi na mvua hushuka mchana. Anika alfajiri na uziingize kabla ya mawingu, la sivyo zikaange mpaka zikauke kabisa.

Maharage na mahindi makavu: adui ni unyevu na fukusi. Jaribu ukavu hivi: tia kiganja cha mbegu na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa dakika chache, uache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mbegu bado zina maji. Zirudishe juani siku moja au mbili. Zikikauka, jaza bidoni (madumu) za mafuta zilizooshwa na kukaushwa vizuri kabisa, mpaka shingoni, pasiwe na nafasi, funga mfuniko kwa nguvu. Fukusi waliomo humaliza hewa wakafa. Tumia bidoni ndogo nyingi kuliko moja kubwa, kwa kuwa kila unapofungua unawarudishia hewa.

Hatua ya tano: kupika na kupakua

Loweka maharage usiku, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Ukishafikisha moto mkali kwa nusu saa, unaweza kuihamishia sufuria, mfuniko ukiwa umefungwa, kwenye kikapu kilichojazwa blanketi kuukuu au majani makavu ya migomba, ukaifunika kote. Joto lenyewe huendelea kupika kwa saa kadhaa na makala yanabaki gunia. Jioni irudishe motoni mpaka ichemke tena, ionje kama imelainika.

Sasa gawa. Nusu ungia leo, nusu iache tupu. Hili peke yake liliondoa karibu maharage yote kwenye ndoo yangu. Watu hawakatai maharage, hukataa maharage yaleyale siku ya tatu. Nusu ile tupu siku ya pili huvaa mawese na kitunguu, siku ya tatu inapondwa ikawa mchuzi mzito wa viazi.

Kwenye kupakua, anza na kidogo na uache mlango wa kuongezwa wazi. Mtoto hapimi njaa yake kwa macho ya mama. Na kijiko kilichoingia mdomoni kisirudi kwenye sufuria: mate huchangia kuchachusha mchuzi usiku kucha.

Hatua ya sita: kilichobaki kilale vipi

Shirika la Afya Duniani linashauri hivi: chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, kiingie mapema mahali pa chini ya nyuzi 5, kinachongoja kuliwa kiwe juu ya nyuzi 60, na kinachopashwa kifike nyuzi 70 kote ndani. Kwa jiko letu tafsiri yake ni hii: kama sufuria haichomi mkono na haigandishi, muda wake unahesabiwa.

Mwenye frigo agawanye chakula kwenye vyombo vifupi vipana, kipoe haraka, kisha kiingie. Nyama mbichi ikae chini, isidondoshee vingine. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Frigo lililofungwa hushika ubaridi saa nne hivi, na sehemu ya kugandisha iliyojaa hufika siku mbili. Ndiyo maana mimi hujaza nafasi tupu kwa chupa za maji zikagande: umeme unapoondoka, chupa hizo ndizo zinazolinda nyama.

Asiye na frigo, ambaye ndiye wengi wetu, ana njia chache za kweli. Maharage yaliyochemshwa matupu, yachemshe tena mpaka yatokote kabla ya kulala, funika, na usiyafunue wala kuyachota mpaka asubuhi, yatokote tena kabla ya kuliwa. Usiku mmoja tu. Njia hii si salama kama frigo, na ukiona povu au ukali wa harufu, mwaga. Usiifanyie wali, nyama wala samaki. Wali hasa: kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili mchemko, wali ukikaa vuguvugu huamka na kuacha sumu, na kupasha moto hakuiondoi. Wali pika wa kumalizika.

Wengine husifu chungu ndani ya chungu, katikati mchanga wenye maji. Nimekitumia. Wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, nyanya na mboga hukaa vizuri humo siku kadhaa. Miezi ya mvua hakipoozi sana kwa kuwa hewa yenyewe imejaa maji. Na kwa chakula kilichopikwa sikitegemei msimu wowote.

Hatua ya saba: kukigeuza

Bugali ya mahindi iliyolala kwenye frigo, ikate vipande, ichome juu ya mbabula mpaka ishike ganda la kahawia, kula na chai asubuhi hiyohiyo. Wanangu huigombea. Bugali ya muhogo haichomeki vizuri. Ikate vidogo, ipige upya kwa maji yanayochemka na unga kidogo.

Nyanya laini, ondoa zilizooza, chemsha nyingine na kitunguu na mafuta kidogo mpaka maji yaishe na rangi iwe nzito. Kwenye frigo, katika chombo kilichochemshwa, hukaa siku tatu nne. Ukigandisha kwa mafungu, wiki nyingi. Usifunge mchuzi wa mboga au maharage kwenye chupa ukauweka kabatini miezi: kwa moto wa nyumbani, tena wa nyuzi 95, kuna sumu inayoota ndani ya chupa isiyo na hewa bila harufu wala dalili.

Mkate mkavu, ukiwa hauna ukungu, uloweke kwenye maziwa au yai ukaange. Maziwa yanayoanza kugeuka yakiwa yalichemshwa siku ileile ni mwanzo wa mashanza (maziwa ya kuganda) kwa anayejua kuyalea: kibuyu safi, kijiko cha mashanza ya zamani, usiku mmoja. Ndizi zilizoiva kupita kiasi, ponda na unga, kaanga vitumbua vidogo. Mananasi ya kisiwa cha Idjwi yakianza kulainika, chemsha hata ganda lililosuguliwa vizuri pamoja na tangawizi. Kinywaji hicho kinamalizika kabla hakijapoa.

Visivyookolewa

Kuna vitu ambavyo moyo wa kubana matumizi usiviguse. Mahindi au karanga zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye uchungu, zitupe zote. Sumu ya ukungu huo huumiza ini na haifi kwa kukaanga wala kuchemsha. Usizisage ili zisionekane, na usiwape kuku, kwa kuwa unazila tena kupitia kwao. Mkate wenye ukungu, mkate mzima. Nyama au samaki mwenye utelezi na harufu. Chakula cha jana ambacho hukumbuki kililala wapi.

Mbele ya mtoto mdogo, mama mjamzito, mzee au mgonjwa, shaka yoyote itosheleze kumwaga. Mahali ambapo dawa ni ghali kuliko chakula, hesabu hii haina mjadala.

Maganda na majani

Haya ndiyo mwisho wa mwendo. Majani ya nje ya kabichi, mabua ya mahindi, majani ya viazi vitamu, vikonyo vya lengalenga, huenda kwa simbiliki, wanyama wadogo ambao kaya nyingi za Kivu Kusini hufuga hata chini ya kitanda. Lakini maganda na majani ya parachichi usiwape simbiliki wala sungura, yanaweza kuwaua. Wala maganda ya viazi yaliyo kijani. Mabaki yaliyopikwa yenye chumvi na mafuta hayawafai.

Kinachobaki kinageuka udongo. Kwenye mteremko wa Kadutu hatuna mashamba, lakini gunia kuukuu linatosha: tabaka la maganda, tabaka la majani makavu au vumbi la mbao, tabaka la udongo, maji kidogo, na tundu chache ubavuni lipumue. Majivu ya makala tia kiganja, siyo karai. Samaki na nyama usivitie, vitaleta panya. Geuza kila wiki mbili kwa mti. Baada ya miezi mitatu au minne huwa jeusi na linanukia kama msitu baada ya mvua. Toboa gunia lingine, lijaze udongo huo, panda vitunguu majani na lengalenga pembeni mwa mlango. Fungu unalochuma hapo huna haja ya kulihifadhi popote, kwa sababu unakata majani ya sufuria ya leo tu, na mengine yanaendelea kungoja kwenye shina lake.